Shati la Mikono Mirefu Kabla ya Losheni

Chukua chupa ya losheni ya kukinga jua yenye mililita 100, na kijiko cha chai. Uso, masikio na shingo ya mtu mzima vinataka kijiko kimoja kilichojaa, yaani mililita 5. Kila mkono, kuanzia begani hadi vidoleni, unataka kijiko chake. Mtu aliyevaa singlendi amekwishatumia mililita 15 kabla hajavuka mlango, na miguu haijaguswa bado. Akirudia mara moja tu mchana ni mililita 30 kwa siku. Chupa inakwisha siku ya nne.

Sasa mweke kwenye hesabu hiyo mkulima mwenye ualbino wa Ukerewe au Sengerema, ambaye kliniki ya ngozi ya kutembelea humfikia baada ya miezi kadhaa na kumwachia chupa mbili. Atafanya ambalo yeyote angelifanya: atapaka kidogo, kwa ncha ya kidole, asubuhi tu, ili idumu. Miaka inapita, anakuja na kidonda sikioni, na watu wanashangaa, maana losheni alikuwa akipewa.

Katika kazi hii ya kuzuia saratani ya ngozi, hilo ndilo kosa linalojirudia kuliko yote. Losheni hutajwa kwanza, nguo hutajwa mwishoni kama nyongeza. Mpango huo ugeuzwe. Nguo ianze, kivuli kifuate, losheni imalizie sehemu ambazo nguo haifiki. Mtu yuleyule akivaa shati la mikono mirefu lenye kola na kofia pana, kinachobaki wazi ni uso, masikio, mbele ya shingo na migongo ya viganja. Hapo mililita 7 zinatosha, na chupa ileile inafika wiki nzima kwa kupaka mara mbili kila siku bila kubana.

Ngozi ya juu ina seli bapa zilizopangana kama vigae, chini yake seli za msingi zinazozaliana, na katikati ya hizo seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini. Melanini hufunika kiini cha kila seli kama mwavuli. Mtu mwenye ualbino ana seli hizo za rangi, lakini hazitengenezi melanini ya kutosha kwa sababu ya kasoro ya kinasaba aliyoirithi kwa baba na mama, ambao wenyewe mara nyingi ni weusi wasio na dalili yoyote. Kila ujauzito wao una nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye ualbino. Mionzi ya jua isiyoonekana, iitwayo urujuanimno, inapopiga seli isiyo na mwavuli huvunja vinasaba vyake. Mwili hurekebisha, lakini si kila mara, na makosa hujikusanya mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana jua la utotoni ni deni linalodaiwa ukubwani. Ulaya, saratani hizi ni za wazee. Kwetu, mwenye ualbino anaweza kufika hospitalini na uvimbe mkubwa akiwa na miaka ya 20 au 30.

Kofia kwanza. Kapelo haifai. Inakinga paji la uso na pua kidogo, inaacha masikio, mashavu ya pembeni na kisogo, na hizo ndizo sehemu ambazo vidonda hupenda. Inayotakiwa ni pama yenye ukingo wa sentimita 7 na nusu au zaidi, kuzunguka pande zote. Kisogo kina hatari yake ya peke yake: mwanga huwaumiza macho watu wenye ualbino, kwa hiyo hutembea wameinamisha kichwa, na jua linatua shingoni kwa nyuma siku nzima. Kola isimame, au kipande cha kitambaa kishonwe nyuma ya kofia kifike mabegani. Kwa wanawake wa pwani hijabu hulimaliza suala la masikio na shingo. Mtandio mwepesi unaoonyesha ngozi haufanyi kazi hiyo.

Kitambaa kipime kwa kukiinua kuelekea mwanga. Ukiona kidole chako upande wa pili, mionzi nayo inapita. Kaki, jinzi na kitenge kizito hukinga vizuri. Kanga ni nyepesi zaidi, afadhali ikunjwe mara mbili. Rangi iliyokolea huzuia mionzi kuliko nyeupe ya kitambaa hichohicho, ingawa inaleta joto, na hapo kila mtu atapima anachoweza kuvumilia. Shati pana la rangi ya bahari linavalika hata Shinyanga. Pamba iliyolowa jasho au maji hupitisha mionzi zaidi kuliko kavu, na shati lililochakaa likawa kama chandarua limeshaacha kazi. Kwenye mitumba mashati ya wanaume ya mikono mirefu hayakosekani, na ni ya bei nafuu kuliko losheni ya mwezi mmoja. Miguuni, kandambili huacha juu ya wayo wazi. Soksi na viatu vya kufunika si urembo.

Kuhusu muda: jua ni kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Asiye na saa aangalie kivuli chake. Kikiwa kifupi kuliko yeye, aondoke juani. Kipimo cha mionzi kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani huita namba 11 na kuendelea kuwa ni ukali uliopindukia, na nchi zilizo karibu na ikweta kama zetu hufikia namba hiyo adhuhuri katika sehemu kubwa ya mwaka. Joto si kipimo. Njombe na Lushoto mwezi Julai watu huvaa makoti, wanavua kofia kwa sababu jua limefichwa na mawingu, na mionzi inapita kwenye wingu jepesi vilevile. Tena huko ni juu: kwa kila mita 1,000 za kupanda, mionzi huongezeka kwa takriban asilimia 10.

Mkulima anaweza kuingia shambani saa kumi na mbili alfajiri, akatoka saa nne, akarudi saa kumi. Wengine hawana hiari hiyo. Mkulima wa mwani wa Zanzibar hupangiwa na bahari, na majira ya bamvua, bahari inapokupwa mbali zaidi, maji hutoka katikati ya asubuhi, akiwa amesimama juu ya mchanga mweupe na maji yanayorudisha mionzi usoni kutoka chini. Kofia peke yake haimtoshi. Uso na chini ya kidevu vipakwe losheni nzito.

Shuleni ndiko tunakopoteza wengi, kwa mambo madogo yanayorekebishika kwa barua moja. Sare ni kaptula na mikono mifupi, kofia hairuhusiwi, mstarini wanafunzi wanasimama nusu saa juani, na adhabu au usafi wa mazingira ni kufyeka nje saa sita mchana. Halafu mtoto mwenye ualbino, kwa kuwa haoni ubao vizuri, anakalishwa dirishani penye mwanga, na kioo kinazuia sehemu moja tu ya mionzi. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula, si baada ya mtoto kuungua, aombe mambo manne na aombe yaandikwe: suruali au sketi ndefu na shati la mikono mirefu, ruhusa ya pama nje ya darasa, kusimama kivulini wakati wa mstari, na zamu ya kazi za ndani. Kuhusu kuona, akae mstari wa mbele katikati, mbali na dirisha. Mwalimu akijua sababu, kwa kawaida hakatai. Walio wengi hawajaelezwa.

Mtoto mchanga mwenye ualbino asianikwe. Tunajua ni desturi ya wengi kumtoa mtoto jua la asubuhi ili apate nguvu ya mifupa au umanjano uishe. Mwenye ualbino afunikwe na akae kivulini. Kama kuna wasiwasi wa vitamini D, muuguzi ataeleza matone ya kumpa. Umanjano hupelekwa hospitali, kwa mtoto yeyote. Losheni haipakwi kabla ya miezi 6 ila kwa sehemu ndogo pasipo na njia nyingine.

Sasa losheni yenyewe. Herufi SPF na namba inayofuata hueleza kinga dhidi ya mionzi inayounguza: 15 huzuia karibu asilimia 93, 30 karibu asilimia 97, 50 karibu asilimia 98. Kutoka 30 kwenda 50 unaongeza asilimia 1 tu, kwa hiyo usihangaike na namba kubwa. Hangaika na kiasi. Namba hizo hupimwa maabara kwa losheni iliyopakwa nene, na ukipaka nusu yake kinga inashuka sana. Kwenye lebo tafuta pia maneno yanayosema inakinga aina zote mbili za mionzi, UVA na UVB. Pale hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa losheni iitwayo Kilisun, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ualbino wa hapa, na hugawiwa kupitia kliniki. Ukiwa na hiyo huna sababu ya kutafuta ya nje ya bei ghali.

Ipakwe dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka, kwenye ngozi kavu, irudiwe kila baada ya saa mbili ukiwa bado juani, na mara tu baada ya jasho jingi au kunawa. Sehemu zinazosahaulika ni ncha na nyuma ya masikio, mstari wa nywele, kope, kisogo, na mdomo wa chini, ambao hutazama juu na kupokea jua moja kwa moja. Isichanganywe na mafuta ya mgando ili iongezeke. Yanaitanua iwe nyembamba. Mafuta ya mgando, ya nazi na ya watoto hulainisha ngozi, basi. Chupa iwekwe chini, mahali pa baridi ndani ya nyumba, mbali na bati na mbali na dirisha la gari. Ikitengana maji na mafuta, au ikibadilika harufu, imekufa. Na pengine kosa baya kuliko yote: kupaka kisha kukaa juani muda mrefu zaidi kwa kujiona salama.

Saratani ya ngozi haianzi kama saratani. Kwa watu wenye ualbino huanza kama kigaga kidogo kinachokwaruza kama msasa, rangi ya waridi au ya udongo, ambacho mara nyingi unakihisi kwa kidole kabla ya kukiona. Kinaitwa keratosi ya jua. Kinabanduka, kinarudi palepale. Kingine huota kama pembe ndogo ngumu, na wapo wanaoikata kwa wembe au kuifunga uzi. Inarudi, kwa sababu tatizo liko kwenye kitako chake. Katika hatua hii matibabu ni ya dakika chache. Naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, hupuliziwa kwa sekunde kadhaa. Panauma, panafanya lengelenge, panakauka kwa wiki moja hadi tatu. Lengelenge lisitumbuliwe, paoshwe kwa maji na sabuni, pasipakwe majivu wala dawa ya meno. Kigaga kilichogandishwa mara mbili na bado kipo kinahitaji kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama, kwa ajili ya vipimo. Penye vigaga vingi daktari anaweza kutoa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, ya kupaka mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba ngozi itakuwa nyekundu na yenye vidonda, na kwamba hiyo ndiyo kazi ya dawa. Asipoambiwa, ataitupa siku ya sita. Mjamzito haitumii.

Kikiachwa, kigaga kinaweza kugeuka saratani ya seli bapa, ambayo ndiyo inayoua zaidi watu wenye ualbino Afrika. Hapo chini yake panakuwa pagumu ukipabonyeza, panakua kwa wiki au miezi, panavuja damu kwa kuguswa na taulo, kisha panachimbika katikati huku kingo zikiinuka. Saratani ya seli za msingi ni ya polepole: kinundu kinachong'aa kama lulu, chenye vishipa vidogo vya damu juu yake, baadaye kidonda kidogo kisichofunga. Mara chache sana husambaa mbali, lakini ikiachwa huila pua au jicho. Melanoma kwao ni adimu, na ikitokea inaweza kuwa ya waridi isiyo na weusi wowote, hivyo uvimbe wa waridi unaokua haraka usidharauliwe. Madoa ya kahawia yaliyotapakaa usoni na mikononi, ambayo wengi huyaogopa, yenyewe si saratani. Yanaonyesha tu kwamba jua limepiga hapo.

Ukaguzi ufanywe mara moja kwa mwezi, na mtu wa pili, kwa sababu wengi wenye ualbino hawaoni vizuri na hakuna ajionaye kisogo. Kaeni karibu na mlango penye mwanga wa kivuli. Anza kichwani ukigawanya nywele, shuka nyuma ya masikio na ukingo wake, pua, kope, mdomo wa chini, shingo, mabega, mikono, migongo ya viganja, miundi, juu ya nyayo. Pitisha vidole huku ukitazama. Mwishoni bonyeza mbele ya masikio, chini ya taya na pembeni mwa shingo: tezi ngumu isiyouma, yenye zaidi ya sentimita 1, inaweza kumaanisha ugonjwa umeshatembea. Penye shaka piga picha kwa simu ukiwa umeweka rula pembeni, halafu linganisha.

Kipimo cha haraka kuliko vyote ni kalenda. Kidonda, kigaga au uvimbe usiopona ndani ya wiki 4 uonwe na mtaalamu wa ngozi.

Kipimo hicho ni cha watu weusi pia. Melanini yao inawakinga sana na jua, na hapo ndipo usingizi unapoingia, kwa sababu saratani zao nyingi za ngozi hazitokani na jua. Melanoma yao hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo chini ya ukucha wa dole gumba la mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Tazama nyayo zako unapoosha miguu: baka jeusi lisilo na umbo sawa, lenye rangi zaidi ya moja, lililozidi milimita 6 au linalopanuka, likatwe kinyama cha kupimwa. Michirizi myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwa weusi. Mchirizi mmoja unaopanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia ngozi ya pembeni, si kawaida.

Nyingine ni donda ndugu na kovu la moto. Kidonda cha mguu cha miaka mingi, au kovu kubwa linalochubuka na kupona na kuchubuka tena, linaweza kugeuka saratani ya seli bapa miaka 20 au 30 baada ya ajali. Dalili ni kidonda kubadili tabia: kingo zinavimba na kujikunja nje, nyama inaota kama koliflawa, harufu inazidi, kinavuja damu. Mikorogo nayo inaingia hapa. Krimu zenye haidrokwinoni au zebaki humvua mtu mweusi mwavuli aliozaliwa nao, na hakuna losheni inayourudisha. Mabaka ya zambarau yasiyouma miguuni au mdomoni ni jambo jingine, huenda ni saratani ya Kaposi, na yanataka kipimo cha VVU siku hiyohiyo.

Mambo huharibika zaidi kati ya nyumbani na hospitali ya rufaa. Mgonjwa anafika zahanati, anapewa vidonge vya kuua bakteria, anarudi, anapewa vingine, kidonda kinapakwa dawa ya zambarau mpaka kingo hazionekani. Miezi 6 inapita. Kidonda cha saratani nacho hupata bakteria, kwa hiyo dawa hupunguza usaha na harufu na kumpa kila mtu matumaini ya uongo. Mhudumu akitoa vidonge mara moja na kidonda kisifunge, mara ya pili atoe rufaa.

Kinyama kikatwe kwenye ukingo wa kidonda, si katikati penye nyama iliyokufa, na kwenye kidonda kikubwa sehemu zaidi ya moja. Kiwekwe ndani ya fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya kinyama, kamwe si maji wala maji ya chumvi, maana kitaoza njiani. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: jina langu limeandikwa kwenye kopo? Majibu ni lini, na nani atanipigia? Majibu mengi hukaa kabatini kwa sababu namba ya simu haikuandikwa.

Saratani ndogo ya seli bapa hukatwa kwa ganzi ya kawaida pamoja na milimita 4 hadi 6 za ngozi nzima kuizunguka, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo. Zaidi ya 9 kati ya 10 zilizowahiwa hivyo hupona. Iliyozama au iliyofika kwenye tezi huhitaji upasuaji mkubwa na mara nyingi tiba ya mionzi, ambayo hutolewa katika hospitali kama Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza. Mionzi hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki kadhaa mfululizo, na wanaoikatiza njiani wengi hawakushindwa na maumivu. Walikosa pa kulala mjini. Familia ipange malazi na nauli kabla ya siku ya kwanza, na iwaone watu wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema.

Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, za mwilini siku ya 10 hadi ya 14. Baada ya hapo mgonjwa arudi kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka miwili ya kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka, hata kama kovu ni zuri. Ngozi iliyotoa saratani moja imepigwa jua lilelile kila mahali, na ya pili kwa kawaida huota sehemu nyingine, ambayo daktari hataikuta kama mgonjwa atavua kofia tu. Siku ya kurudi avue shati na viatu, na aje na yule anayemkagua nyumbani.